Ridhaa haijafutwa vyuoni Marekani, imehamia kwenye viza

Mzee mmoja kutoka Elgeyo Marakwet alinikabidhi simu yake nimsomee ujumbe. Kioo kilikuwa kimepasuka kona ya juu, kwa hiyo maneno ya mwanzo niliyasoma kwa kuinamisha simu pembeni. Aliyeandika alijitambulisha kama wakala wa vyuo vya Marekani. Alisema siku hizi vyuo huko vinawalipa wanariadha mishahara, kwamba kijana wa mzee akikubaliwa ataanza kutuma pesa nyumbani muhula wa kwanza, na kwamba kulikuwa na ada ya kushughulikia makaratasi, ilipwe kabla ya mwisho wa mwezi. "Mwalimu, ni kweli wanalipa?" mzee akaniuliza. Nikamjibu, "Ni kweli wanalipa, mzee. Lakini kijana wako siye wanayemlipa."

Jibu hilo ni fupi mno kwa jambo zito kama hili, na ndiyo sababu naandika. Tangu tarehe 6 Juni 2025, Jaji Claudia Wilken wa mahakama ya California alipoidhinisha makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, habari imesambaa hadi kwetu kwamba michezo ya ridhaa vyuoni imekwisha. Habari hiyo ina ukweli kwa kijana wa Ohio anayecheza futiboli ya Kimarekani. Kwa kijana wa Iten, Arusha au Lubumbashi, imemfikia ikiwa imepinda. Kwake ridhaa ingali palepale, ila mlinzi wake amebadilika. Zamani aliyemzuia kupata kipato alikuwa NCAA na kitabu chake cha kanuni. Leo anayemzuia ni sheria ya uhamiaji, na sheria hiyo haijaguswa na jaji yeyote katika kesi hizi zote.

Turudi nyuma kidogo. NCAA ilianzishwa mwaka 1906, na kwa miongo mingi ilishikilia kwamba mwanafunzi anacheza kwa kuupenda mchezo, na malipo yake ni masomo. Sisi kwa Kiswahili tunamwita mchezaji wa aina hiyo mchezaji wa ridhaa, na neno letu linasema jambo ambalo Wamarekani walilisahau: ridhaa ni hiari ya mtu mwenyewe. Anayecheza bure kwa sababu amependa, huyo ni wa ridhaa. Anayecheza bure kwa sababu akipokea shilingi moja ataondolewa kwenye timu na kupoteza ufadhili wa masomo, huyo anahitaji jina jingine. Chama kilimbunia jina katika miaka ya 1950, wakati Walter Byers alipokuwa mkurugenzi wake. Mchezaji wa chuo kimoja cha Colorado alikufa mwaka 1955 kwa jeraha la kichwa alilolipata uwanjani, mjane wake akadai fidia ya mfanyakazi aliyefia kazini, na Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikamnyima mwaka 1957. Ni katika hofu ya madai ya namna hiyo ambapo maneno "mwanafunzi-mwanamichezo" yalianza kulazimishwa katika kila barua na kila kanuni, ili asije mtu akamwita mchezaji mfanyakazi. Byers mwenyewe alikuja kukiri hivyo baadaye.

Kanuni zilizofuata zilikuwa na ukali wa kushangaza. Mwaka 2010 A.J. Green, mchezaji wa Chuo Kikuu cha Georgia, alifungiwa mechi nne kwa kuuza jezi yake mwenyewe kwa dola 1,000, huku jezi zenye namba yake zikiuzwa madukani kwa faida ya chuo. Mwaka 2017 Donald De La Haye wa Chuo Kikuu cha Central Florida alipoteza nafasi yake na ufadhili wake kwa sababu alikuwa akipata pesa kutokana na video zake za YouTube na hakukubali masharti aliyowekewa. Kumbuka kwamba mwanafunzi wa muziki katika chuo hichohicho angeweza kupiga gitaa kwenye harusi kila Jumamosi, alipwe, na hakuna ambaye angemuuliza. Na yote hayo yakitendeka, haki za kuonyesha mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo peke yake zilikuwa zimeuzwa kwa mabilioni. Nyongeza ya mkataba iliyotiwa saini mwaka 2016 ilikuwa ya dola bilioni 8.8 kwa miaka minane.

Ukuta ulianza kupata nyufa Ed O'Bannon, aliyechezea mpira wa kikapu chuo cha UCLA huko California, alipofungua kesi mwaka 2009 baada ya kuona sura yake ikitumiwa katika mchezo wa video bila yeye kulipwa chochote. Mwaka 2019 California ikapitisha sheria ya kuwaruhusu wanamichezo wa vyuo kunufaika na jina, sura na taswira yao. Juni 2021 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakaamua dhidi ya NCAA katika kesi ya Alston, iliyohusu manufaa ya kimasomo ambayo vyuo vinaweza kuwapa wanamichezo, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo chama kikafungua mlango wa matangazo na udhamini. Makubaliano ya House yakaongeza mambo mawili: fidia ya takriban dola bilioni 2.8 kwa waliocheza tangu 2016, italipwa kwa miaka kumi, na ruhusa kwa kila chuo kilichojiunga kugawa hadi dola milioni 20.5 kwa wanamichezo wake katika mwaka wa masomo wa 2025-26. Ndiyo pesa iliyomfikia mzee wangu kwenye simu ikiwa imegeuzwa mshahara.

Sasa tuiangalie viza. Mwanafunzi wa kigeni Marekani kwa kawaida huwa na viza ya F-1. Inamruhusu kufanya kazi ndani ya chuo kwa muda usiozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, kama vile kupanga vitabu maktaba au kuosha vyombo kwenye bwalo. Kazi ya nje ya chuo inahitaji idhini maalumu, tena mara nyingi lazima ihusiane na kozi anayoisomea. Kupiga picha za tangazo la viatu, kwenda dukani kusaini fulana za mashabiki, kutangaza kinywaji kwenye mtandao, yote haya yanaweza kuhesabiwa kuwa kazi. Akikamatwa nayo, adhabu haiishii kwenye kufungiwa mechi nne. Hadhi yake ya mwanafunzi inafutwa, na anayepoteza hadhi hana haki ya kubaki nchini. Mmarekani aliyelala kitanda cha jirani katika bweni lilelile anatia saini mkataba na muuzaji magari wa mtaa, anapewa gari. Mwenzake kutoka Kapsabet, aliyemshinda mbio wiki iliyopita, anapanda naye gari hilo kwenda mazoezini.

Mfano bora zaidi ni wa Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ni lugha ya sokoni na nyumbani. Mwaka 2022 alitajwa mchezaji bora wa mpira wa kikapu wa vyuo Marekani nzima akiwa Chuo Kikuu cha Kentucky, baada ya msimu ambao wastani wake wa kunyakua mipira iliyorudi ulipita 15 kwa mechi. Hakuna aliyekuwa na jina kubwa kumzidi chuoni hapo, na bado viza ilimfunga mikono. Agosti 2022 timu yake ilipokwenda Bahamas kucheza mechi za maonyesho, mawakili na wadhamini walimpangia kazi zake za matangazo huko, nje ya ardhi ya Marekani, zikabanwa katika siku chache za safari. Mchezaji bora wa taifa zima alilazimika kuvuka bahari ili aruhusiwe kutumia sura yake mwenyewe. Nikimsikia mtu akisema ridhaa imekufa, humkumbuka Tshiebwe akipigwa picha ufukweni saa chache kabla ya mechi.

Kuhusu hizo milioni 20.5, sheria haijanyooka hata kidogo. Je, mgao wa chuo ni mshahara wa kazi, au ni malipo ya leseni ya jina, kama mrabaha anaopokea mwandishi wa kitabu? Ikiwa ni leseni, mwanafunzi wa kigeni anaweza kudai kwamba hakufanya kazi yoyote. Vyuo vyenye ujasiri vimeandika mikataba kwa lugha hiyo kwa ajili ya wachezaji wa kikapu waliotoka klabu za Ulaya. Vyenye woga vimekataa kabisa. Katika hali kama hiyo, anayebeba hatari ni kijana mwenye pasipoti ya kigeni. Chuo kikikosea, kitaandikiwa barua. Yeye akikosea, atanunuliwa tiketi ya kurudi.

Tuseme viza isingekuwepo. Bado pesa yenyewe haifiki kwenye riadha. Katika fidia ya kesi ya House, karibu asilimia 75 ilitengewa futiboli ya Kimarekani, 15 mpira wa kikapu wa wanaume, 5 wa wanawake, na 5 iliyobaki ikaachiwa michezo mingine yote kwa pamoja, kuogelea, tenisi, mieleka na riadha zikiwamo. Vyuo vikubwa vingi vimeuchukua mgao unaokaribiana na huo kama kipimo cha kugawa pesa mpya. Mkenya haendi Marekani kucheza futiboli. Anakwenda kukimbia mbio za nyika na za masafa marefu, mchezo ambao mashabiki wake wanajaa uwanjani Eugene, jimbo la Oregon, mara moja kwa mwaka na televisheni haiugombanii. Doris Lemngole alipokimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa dakika 8:58.15 Juni 2025 akiwa amevaa jezi ya Alabama, mwanafunzi wa kwanza wa chuo cha Marekani kushuka chini ya dakika tisa, alifanya jambo kubwa kuliko mengi yaliyofanywa msimu huo katika mchezo wowote. Lakini mgawanyo huu haukuundwa kwa kupima ukubwa wa jambo. Umepimwa kwa mapato ya televisheni.

Wanaotetea ridhaa wana hoja, na moja yao naiheshimu. Wanasema futiboli na kikapu ndivyo vinavyolisha michezo mingine, na kila dola inayokwenda kwa mchezaji nyota wa futiboli inatoka kwenye bajeti ya muogeleaji, mpiga makasia na mkimbiaji. Hoja hii ni ya kweli kwa kiasi kikubwa, tena inatugusa sisi moja kwa moja. Makubaliano ya House yameondoa ukomo wa idadi ya ufadhili na kuweka ukomo wa idadi ya wachezaji: 17 kwa timu ya mbio za nyika, 45 kwa riadha. Zamani chuo kikubwa kiliruhusiwa ufadhili kamili 12.6 tu kwa riadha na mbio za nyika za wanaume, na 18 kwa wanawake. Kwenye karatasi milango imepanuka. Kwa vitendo, kocha wa riadha anagombea bajeti na idara inayotafuta milioni 20.5 za wachezaji wa futiboli, na timu ya wanaume ya mbio ndefu ndiyo ya kwanza kuangaliwa panapotafutwa pa kukata. Anayemwambia mzazi wa Kikenya kwamba nafasi zimeongezeka amesoma nusu ya ukurasa.

Hoja ya pili ni kwamba ufadhili wenyewe ni malipo tosha. Ukiitazama kutoka kijijini, ina uzito. Chuo binafsi cha Marekani kinaweza kugharimu zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka, na hakuna shamba la mahindi litakalozitoa. Najua wahandisi, wauguzi na walimu waliofika walipo kwa miguu yao, na ninapomshauri kijana mwenye kasi ya wastani, namwambia shahada ndiyo mali, mengine ni bahati. Lakini ukarimu wa zawadi hauhalalishi kumnyima mtu jasho lake jingine. Mtu akikupa chumba cha kulala bure, hajapata haki ya kukukataza kuuza mayai ya kuku wako. Isitoshe, ufadhili huo si bure kama unavyosemwa: sehemu inayolipia malazi na chakula hutozwa ushuru kwa mwanafunzi wa kigeni, kwa kawaida asilimia 14, na wengi huujua ukweli huo siku wanapoona deni kwenye akaunti yao ya chuo.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosema pesa itaharibu mchezo, kwamba mashabiki wanapenda vyuo kwa sababu wachezaji hawalipwi, na wakianza kulipwa watu watazima televisheni. NCAA iliitetea hoja hii mahakamani mwaka baada ya mwaka. Imejibiwa tangu Julai 2021 na viwanja vyenyewe: wachezaji wanalipwa, na viwanja vya watu laki moja bado vinajaa kila Jumamosi ya Oktoba. Sisi tulikuwa na ushahidi mapema zaidi. Mwaka 1978 Henry Rono, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State kutoka Nandi, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000 huko Berkeley tarehe 8 Aprili, kuruka viunzi na maji huko Seattle tarehe 13 Mei, mita 10,000 huko Vienna tarehe 11 Juni, na mita 3,000 huko Oslo tarehe 27 Juni. Wakati huo shirikisho la riadha la dunia nalo lilikataza zawadi za pesa za wazi, na Kenya ilisusia Olimpiki za 1976 na 1980, hivyo hata medali ya Olimpiki hakuipata. Miaka yake bora iliisha, pombe ikamwingia, akaishi miaka mingi ya uhitaji Marekani kabla ya kurejea nyumbani, na akafariki Februari 2024. Wapo watakaosema aliyataka mwenyewe. Mimi nauliza mchezo ulilindwa na nini kwa Rono kubaki bila kitu. Mashabiki wa Oslo wasingepunguza kumshangilia kama angeondoka uwanjani na hundi mfukoni.

Kuna pia lalamiko la upande wa pili, la makocha na wazazi wa Kimarekani, kwamba wageni wenye umri mkubwa wanachukua nafasi za vijana wao. Lalamiko hili ni la zamani, lilikuwapo tangu enzi za Rono na za Suleiman Nyambui, Mtanzania aliyekusanya mataji ya vyuo akiwa chuo cha El Paso, Texas, na kisha medali ya fedha ya mita 5,000 huko Moscow mwaka 1980. Limeibuka upya sasa kwa kuwa vyuo vya kikapu vinasajili watu waliokwisha kucheza kwa kulipwa. Sitalikejeli. Kijana wa miaka 18 kushindana na mtu wa miaka 24 si jambo dogo. Lakini dawa ya umri ni kanuni ya umri, inayomhusu kila mtu, Mmarekani aliyerudia msimu mara mbili akiwemo. Kumwacha mgeni ashindane, akusanye pointi, ainue kombe, kisha kumwambia kwamba yeye peke yake kwenye jukwaa hawezi kulipwa, hakumlindi kijana yeyote wa Texas. Kunamfanya mgeni kuwa mchezaji wa bei rahisi kuliko wote, na kocha mwenye bajeti iliyokatwa ataendelea kumtafuta kwa sababu hiyohiyo.

Kwa hiyo kazi inayobaki iko sehemu mbili. Ya kwanza iko Washington, kwa Bunge la Marekani na Idara ya Usalama wa Ndani: kuandika wazi kwamba malipo ya jina na sura ya mwanafunzi mwenye F-1 ni halali. Vyuo vina nguvu ya kulisukuma hilo kuliko balozi zetu, kwa kuwa vyenyewe ndivyo vinavyoshinda mataji kwa miguu ya wageni.

Ya pili iko kwetu, na hii ndiyo inayonisumbua zaidi. Viza ya F-1 inazuia kazi kwenye ardhi ya Marekani. Haimzuii mwanafunzi aliyerudi nyumbani Julai kupiga picha ya tangazo Eldoret, kwa kampuni ya Kenya, kwa mkataba uliotiwa saini Kenya, na malipo yakaingia kwenye akaunti yake hapa. NCAA nayo, tangu 2021, haikatai, mradi mkataba uripotiwe inavyotakiwa na pesa isiwe ya kumnunua achezee chuo fulani. Hata kabla ya hapo, tangu 2015, kanuni ziliruhusu mgeni kupokea zawadi ya nchi yake kwa medali ya Olimpiki. Ndivyo muogeleaji Joseph Schooling, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, alivyopokea zaidi ya dola 700,000 kutoka Singapore mwaka 2016 bila kupoteza nafasi yake chuoni. Safari ya Tshiebwe ya Bahamas ilikuwa ya kutafuta ardhi ya kigeni ya kufanyia kazi. Vijana wetu wanayo ardhi hiyo, ni kwao. Wanarudi likizo, wanakimbia alfajiri kwenye vumbi jekundu, magari ya kampuni za maziwa, za simu na za unga yanawapita barabarani, na hakuna anayesimama. Kampuni hizo humsubiri mwanariadha mpaka ashinde London au Boston, wakati tayari ana wakala wa Ulaya na bei ya Ulaya.

Mzee nilimwandikia mambo ya kuuliza nyuma ya bahasha, kwa herufi kubwa kwa sababu macho yake yameanza kuchoka. Ufadhili ni wa mwaka mmoja au minne? Akiumia goti, unaendelea? Ushuru wa malazi unalipwa na nani? Ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni imeukubali mkataba huo kwa maandishi? Na nikamwomba ampigie huyo wakala mbele yangu amuulize la kwanza. Simu iliita mara mbili, ikakatwa.